Hela ya Dalali Inatoka Mfukoni mwa Nani?

Haya ni maneno niliyoyasema kwenye semina ya watu wanaotaka kuanzisha tovuti za kutangaza kamari ya mtandaoni kwa kamisheni. Waliokosa nafasi wameyaomba, nami nimeyaandika kama nilivyoyatamka. Picha za ukutani nimeziacha, hazikuongeza kitu.

Ndugu mwenyekiti, ndugu waandaaji, nanyi nyote mliofika, wake kwa waume, asanteni kwa kunikabidhi kipaza sauti. Mwenyekiti amenipa dakika arobaini. Ananijua, ndiyo maana amekaa karibu na swichi.

Naomba nianze kwa swali. Wangapi humu ndani mmekuja kwa sababu mmeona picha ya dashibodi ya mtu, ule ukurasa wa hesabu zake, mapato yamepanda kama mlima, na chini yake ameandika kwamba yeye analala na hela inaingia? Inueni mikono. Msione haya, wangu pia uko juu. Mimi nilianzia hapohapo, kwenye picha ya namna hiyohiyo, usiku wa manane, macho yamenitoka.

Sasa swali la pili. Wangapi mlipoiona picha ile mlijiuliza: hela hii imetoka mfukoni mwa nani?

Mikono imeshuka. Basi hilo ndilo swali langu la leo, na nitalirudia mpaka mnichoke. Ukitaka kufungua tovuti ya namna hii, kabla hujanunua jina la tovuti, kabla hujachagua rangi, jiulize hela yako itatoka mfukoni mwa nani. Jibu lake litakuonyesha mkataba gani usaini, uandike nini, na nani umfungie mlango.

Tuitazame kazi yenyewe kwanza. Wenye mitandao wanaiita afilieti, lakini Kiswahili kilikuwa na jina lake kabla intaneti haijazaliwa: udalali. Dalali hana nyumba wala shamba. Anamjua mwenye nyumba, anamjua anayetafuta nyumba, anawakutanisha, anachukua chake. Wewe nawe huna kasino, huna kampuni ya kubashiri. Una tovuti. Unaandika, mtu anasoma, anabonyeza kiungo chenye namba yako, na alama ndogo, ile wanayoiita kuki, inabaki kwenye simu au kompyuta yake. Akijisajili na kuweka pesa, kampuni inajua nani kamleta. Amazon ilianza kuwalipa wenye tovuti kwa mtindo huu mwaka 1996, kwa kuuza vitabu. Kasino za mtandaoni zilikuwa ndiyo kwanza zinachipuka miaka hiyohiyo, na hazikuchelewa kuiga.

Ila hapo kuna tofauti ambayo wengi wanairuka. Anayenunua kitabu kupitia kwako anaondoka na kitabu. Anayecheza kamari kupitia kwako anaondoka na nini?

Nipeni dakika mbili niwaonyeshe. Chukueni gurudumu la ruleti la Ulaya. Lina vishimo 37, kuanzia sifuri mpaka 36. Ukiweka dola moja kwenye namba na ikatoka, unalipwa 35 na dola yako inarudi. Mkononi una 36. Sasa tuseme unaogopa kukosea, unaamua kufunika meza nzima, dola moja kwenye kila namba. Umetoa 37. Lazima namba moja itoke, huwezi kukosa! Inatoka, unapokea 36. Ile dola moja imekwenda wapi?

Imebaki kwa mwenye meza. Hakuna aliyekuibia, wala gurudumu halikuchezewa. Umeshinda, na umepungukiwa. Moja katika 37 ni asilimia 2.7, hilo ndilo fungu la nyumba, yaani la kasino. Gurudumu la Kimarekani lina sifuri mbili, vishimo 38, na malipo ni yaleyale. Fungu linapanda mpaka asilimia 5.26. Sifuri moja tu imeongezwa, na fungu limekaribia kuwa maradufu. Mashine za sloti nazo zina namba yao: mashine inayotangazwa kurudisha asilimia 96 inabakiza nne katika kila mia inayozungushwa. Ndugu zangu, mshahara wenu umo ndani ya ile nne. Umo ndani ya ile dola moja iliyobaki mezani. Sisemi hivi ili mfunge madaftari mwondoke. Nasema hivi kwa sababu dalali asiyejua nyumba anayoipangisha inavuja wapi atakuja kulaumiwa mvua ikinyesha.

Haya, unalipwaje? Kuna njia tatu. Kuna malipo kwa kichwa: umeleta mchezaji, ameweka kiasi cha chini kilichotajwa kwenye mkataba, unalipwa mara moja, mmemalizana. Kuna mgao wa mapato: kampuni inakupa asilimia ya inachobakiza kwa wachezaji wako, mwezi hadi mwezi, maadamu wanacheza. Na kuna mseto, kidogo cha hiki na kidogo cha kile.

Mgao ndio unaowatoa watu udenda, kwa hiyo tuukalie kidogo. Tangazo linasema asilimia 30. Wachezaji wako mwezi huu wamepoteza jumla ya dola 4,000. Kichwani umeshapiga hesabu: 1,200 zangu. Taratibu! Soma mkataba. Kampuni inatoa kwanza bonasi ilizowapa wachezaji hao, tuseme 800. Inatoa ada za malipo, kodi, na wakati mwingine kitu kinachoitwa gharama za uendeshaji, tuseme 700. Zimebaki 2,500. Asilimia 30 yake ni 750. Asilimia ni ileile iliyotangazwa, ila ni asilimia ya nini? Siku zote uliza hivyo. Kampuni ya asilimia 40 yenye makato mengi inaweza kukulipa kidogo kuliko ya asilimia 25 yenye makato machache.

Sasa niwape hadithi ambayo sijawahi kuisimulia kwa kujivunia. Tovuti yangu ya kwanza ilikaa miezi minane bila kuingiza hata senti. Mwezi wa tisa ikaanza kuleta, wa kumi ikaongeza, nami nikaanza kutembea kifua mbele. Mwezi wa kumi na moja, mchezaji wangu mmoja, ambaye mpaka leo namjua kwa namba yake tu, alishinda dola 9,000 usiku wa Jumamosi. Wenzake wote kwa pamoja walikuwa wamepoteza 4,000. Piga hesabu: hasi 5,000. Fungu langu, asilimia 30: hasi 1,500. Nikasema si neno, mwezi mpya utaanza na sifuri.

Haukuanza na sifuri. Ulianza na hasi 1,500. Nikaurudia mkataba, na kifungu kilikuwemo, ukurasa wa saba, kimelala kama nyoka kwenye majani: deni la mwezi huu hubebwa kwenda mwezi ujao mpaka liishe. Wachezaji wapya wote niliokuwa nawaleta walikuwa wananilipia deni.

Lakini si deni lililonifanya niwasimulie hadithi hii. Ni kilichofuata. Kila asubuhi, kabla ya kunawa uso, nilifungua dashibodi kuangalia kama yule mtu ameanza kurudisha. Nilikuwa namwombea mtu nisiyemjua apoteze. Na akapoteza. Alizirudisha zote 9,000, na nyingine juu yake, ndani ya wiki tano. Nami nikafurahi. Siwadanganyi, nilifurahi kabisa, nikampigia rafiki simu kumwambia mambo yamenyooka. Rafiki akaniuliza, yamemnyookea nani? Nikacheka. Baada ya kukata simu sikucheka tena.

Hela imetoka mfukoni mwa nani?

Tangu hapo nachukua malipo kwa kichwa. Najua humu kuna watakaoniambia mgao ndio unaojenga utajiri. Ni kweli, mchezaji mmoja wa mgao anaweza kukulipa miaka. Na malipo kwa kichwa hayakugeuzi malaika: yanakutia tamaa ya kuhesabu vichwa, na ukiwa na pupa utaleta mtu yeyote ili mradi anapumua. Lakini angalau siku mtu anaposhinda, naweza kumwambia hongera nikamaanisha. Ujerumani, kwa taarifa yenu, haikuwaachia madalali uamuzi huo. Mkataba wa majimbo ulioanza kutumika mwaka 2021 unakataza afilieti wa kamari ya mtandaoni kulipwa kwa kadiri ya mauzo, amana au dau. Mtunga sheria aliliona lile lile nililoliona mimi kwenye dashibodi, ila yeye hakuhitaji kupoteza usingizi.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika kazi hii daftari ni mkataba. Usome kifungu cha deni la kubebwa. Usome kifungu kinachoiruhusu kampuni kubadilisha masharti kwa wachezaji uliokwisha kuwaleta. Kuna kampuni moja, jina nalihifadhi, iliniandikia barua pepe ya mistari mitatu kwamba kuanzia mwezi ujao asiyeleta idadi fulani ya wachezaji wapya atapunguziwa mgao wa wale wa zamani. Nilipolalamika walinionyesha kifungu. Kilikuwemo. Usome pia kifungu cha kiwango cha chini cha kulipwa, na kile kinachokukataza kununua matangazo kwa jina la kampuni. Na andika mwenyewe, pembeni, kila mwezi: watu wangapi wamebonyeza, wangapi wamejisajili, wangapi wameweka pesa. Siku namba za kampuni na zako zinapoanza kuachana njia, uliza mapema, kwa maandishi.

Tuje kwenye tovuti yenyewe. Mambo ya ufundi nitayapita haraka, maana ndiyo rahisi. Jina la tovuti lisibebe jina la kampuni ya mtu. Hakikisha anayekuhifadhia tovuti anaruhusu maudhui ya kamari, wengine hawaruhusu. Ifunguke haraka kwenye simu. Viungo vya kulipwa viwekewe alama yake. Google ilileta alama maalumu ya viungo hivyo mwaka 2019. Basi. Mtu akikutoza fedha nyingi kukufundisha hayo, dalali ni yeye na nyumba ni wewe.

Ugumu uko kwenye uandishi. Utaandika nini? Ukitafuta maneno kama kasino bora, utashindana na makampuni yenye waandishi mamia na mifuko mirefu. Better Collective ya Denmark ilianza mwaka 2004 na leo hisa zake zinauzwa sokoni. Catena Media iko kwenye soko la hisa tangu 2016. Hao hutawapiku kwa ukubwa. Chagua uchochoro mmoja. Mchezo mmoja, au aina moja ya swali ambalo wachezaji wanalo na hakuna anayelijibu kwa uaminifu. Je, pesa inatoka baada ya siku ngapi? Wanadai kitambulisho lini, unapoweka au unapotaka kutoa? Masharti ya bonasi maana yake nini?

Hilo la bonasi, naomba mlisikilize, kwa sababu ni dhahabu inayokanyagwa. Kampuni inatangaza bonasi ya dola 100. Masharti: uizungushe mara 35 kabla ya kutoa. Mara 35 ya 100 ni 3,500. Msomaji anatakiwa kubeti dola 3,500. Kwenye mashine inayorudisha asilimia 96, kwa wastani kila 100 inayozungushwa inakula nne. Kwa 3,500 inakula 140. Bonasi ilikuwa 100! Kwa wastani zawadi imekwisha kabla masharti hayajakwisha. Atakuwepo atakayebahatika, ndiyo, lakini hesabu ya wengi ni hiyo. Tovuti ngapi zinamwambia msomaji hivyo? Nyingi zinaandika "bonasi nono, wahi sasa". Nilipoandika ukurasa wa hesabu hiyo, bila jina la kampuni hata moja, wenzangu walinicheka: unafukuza wateja. Ndio ukurasa wangu unaosomwa kuliko zote mpaka leo. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Na usipendekeze mahali ambapo hujaingia. Sisemi uwe mchezaji. Nasema fungua akaunti yako, weka kiasi kidogo unachoweza kukisahau, cheza kidogo, kisha omba kutoa. Halafu hesabu siku. Niliwahi kufanya hivyo kwenye kasino iliyokuwa inatoa kamisheni kubwa kuliko zote nilizozijua. Siku ya kwanza wakaomba kitambulisho. Siku ya nne wakaomba hati ya makazi. Siku ya tisa wakasema picha haionekani vizuri. Siku ya kumi na tano wakanitumia bonasi ya kunibembeleza nicheze badala ya kutoa! Nilipata changu siku ya ishirini na tatu. Nikaelewa kwa nini kamisheni ilikuwa nono. Nikaandika siku moja baada ya nyingine, na kiungo sikuweka.

Nani anakumbuka kilichotokea Uingereza mwaka 2017? Mamlaka ya viwango vya matangazo, ASA, ilipiga marufuku matangazo yaliyoandikwa na afilieti kwa sura ya habari ya gazeti. Habari yenyewe ilikuwa ya mtu aliyezongwa na madeni na sonona, kisha akacheza kasino ya mtandaoni, akashinda, matatizo yakaisha. Uongo mtupu. Kampuni zilizotangazwa zikajitetea kwamba si sisi, ni afilieti. ASA ikasema tangazo ni lenu, mzigo ni wenu. Mwaka huohuo Sky Betting & Gaming ikafunga mpango wake wote wa afilieti. Fikirini. Walioandika uongo walikuwa wachache. Waliopoteza mapato ni wote waliokuwa chini ya mpango ule, pamoja na waliokuwa wakiandika ukweli kwa miaka. Njia ya mwongo ni fupi, lakini mwongo wa kazi hii anaifupisha hata njia ya jirani yake.

Wengine wanategemea Google peke yake. Januari 2020 kampuni ya XLMedia, ambayo hisa zake zilikuwa zinauzwa London, ilitangaza kwamba zaidi ya tovuti zake 100 za kasino zimeshushwa na Google kwenye matokeo ya utafutaji. Tovuti mia! Nawe una moja. Kwa hiyo mapema kabisa anza kukusanya barua pepe za wasomaji wanaokubali wenyewe kupokea barua zako, ili mlango mmoja ukifungwa uwe na mwingine.

Sheria sasa. Hapa naona watu wanaanza kuangalia saa. Naomba mnivumilie, kwa sababu sheria ndiyo iliyowaangusha wengi kuliko Google.

Mwaka 2006, Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuzuia malipo ya kamari haramu ya mtandaoni. Mnajua iliwekwa wapi? Ilipachikwa ndani ya muswada wa usalama wa bandari, katika saa za mwisho kabla wabunge hawajakwenda mapumziko. Bandari! Nani anayesoma muswada wa bandari akitafuta poka, kamari ya karata? Siku soko lilipofunguliwa, hisa za PartyGaming, mwenye PartyPoker, zilipoteza zaidi ya nusu ya thamani. Rais Bush alisaini tarehe 13 Oktoba, na kampuni ikaacha kupokea wachezaji wa Marekani. Madalali waliokuwa wamejenga maisha yao juu ya wachezaji hao walilala na kipato wakaamka na viungo vitupu. Waliohamia kwa kampuni zilizobaki walipumua mpaka tarehe 15 Aprili 2011. Siku hiyo waliofungua PokerStars, Full Tilt Poker au Absolute Poker kutoka Marekani walikuta tangazo la vyombo vya dola badala ya meza. Wachezaji wa poka wanaiita Ijumaa Nyeusi. Italia nayo ilipiga marufuku matangazo ya kamari kwa sheria ya mwaka 2018.

Kwa hiyo kabla hujaandika neno, uliza mambo mawili: msomaji wangu yuko nchi gani, na nchi hiyo inasema nini juu ya kutangaza kamari. Si nchi unayokaa wewe tu, nchi anayokaa yeye. Kuna mahali dalali mwenyewe anahitaji kusajiliwa. New Jersey, kwa mfano, inaangalia hata namna unavyolipwa: wa malipo kwa kichwa anajisajili, wa mgao wa mapato anatakiwa leseni, kwa sababu anahesabiwa kuwa na mkono ndani ya kasino. Umeona? Nao wameuliza hela inatoka wapi.

Na leseni ya kampuni usiiamini kwa nembo iliyobandikwa chini ya ukurasa. Nembo ni picha, picha inanakiliwa. Chukua namba ya leseni, nenda kwenye daftari la mamlaka yenyewe. Tume ya kamari ya Uingereza ina daftari la wazi, Malta nayo hivyohivyo. Kama jina halimo, hakuna leseni, hata meneja wao wa afilieti awe mcheshi namna gani. Na huwa ni wacheshi.

Nimebakiza jambo moja, na mwenyekiti ameshaninyooshea vidole vitano.

Mwaka 2013 madaktari wa akili wa Marekani walipotoa toleo la tano la mwongozo wao wa magonjwa, waliuhamisha ugonjwa wa kamari, wakauweka pamoja na uraibu wa pombe na dawa za kulevya. Si ulegevu wa tabia, ni uraibu. Ndiyo maana nchi kadhaa zina daftari la kujizuia: mtu anayejiona amezidiwa anaandika jina lake mwenyewe, na kampuni zenye leseni zote zinamfungia. Denmark ina ROFUS tangu 2012, Uingereza ina GAMSTOP, Sweden ina Spelpaus. Hebu fikirieni ushujaa wa mtu anayefanya hivyo. Amejifungia mlango kwa mkono wake, akamkabidhi mwingine ufunguo.

Sasa sikilizeni. Kuna madalali, wenzetu wa kazi hiihii, wanaojenga tovuti za kuorodhesha kasino zisizo ndani ya GAMSTOP. Nani anatafuta maneno hayo saa nane za usiku? Ni yule aliyejifungia mlango. Dalali anamsubiri dirishani. Maneno hayo yanalipa, msiwe na shaka, na mtakuja kushawishiwa. Mtaambiwa kama si wewe atafanya mwingine. Mimi nawaambia mwacheni huyo mwingine. Hapo sina mjadala, na kama kuna mtu amekuja leo kujifunza hilo, chai iko nje, anywe aende salama.

Nami si mtakatifu. Mwaka wa tatu nilipata barua pepe ya mwanamke. Haikuwa na salamu. Alisema mumewe anasoma tovuti yangu kila usiku, kisha akauliza: je, unalipwa mume wangu anapopoteza? Niliandika majibu matatu marefu, nikayafuta yote. La nne lilikuwa neno moja. Ndiyo. Wakati ule bado nilikuwa na mkataba mmoja wa zamani wa mgao. Hakunijibu tena. Wiki ile niliuvunja mkataba, na juu ya kila ukurasa nikaweka sentensi inayosema tovuti hii hulipwa na kampuni za kamari, mchezaji wa kawaida hupoteza kadiri anavyoendelea kucheza, na chini yake namba za watu wa kumsaidia anayezidiwa. Mibonyezo ilipungua. Haijarudi ilipokuwa. Sentensi bado iko.

Naona mwenyekiti ameshika swichi. Waliokuja na mikataba yao, njooni kwenye meza ile ya dirishani tuisome pamoja. Tutaanza na ukurasa wa saba.